Dresa Aliyetuambia Wekundu Si Damu

Mtu akisema mbele yangu kwamba mboga nyekundu inaongeza damu kwa sababu ni nyekundu, mimi husimama. Hata kama mvua inanikimbiza, nasimama. Namwambia: kaa hapo kwanza nikusimulie habari za Dresa, halafu utakwenda kula mboga yako kwa akili.

Jina alikuwa nalo, tena zuri la ubatizo, lakini hakuna aliyelitumia. Kwetu Lumino, huku Uganda, zamani hizo za Mzungu, mtu wa kufunga vidonda na kugawa dawa kwenye zahanati aliitwa dresa, na wa kwetu alikuwa mmoja tu, basi Dresa ikatosha. Alizaliwaje, ukoo wake upi, hayo sitayagusa. Alikuwa mtu wa Kisoko, upande wa Tororo, na lugha yake ya nyumbani haikuwa yetu sisi Wasamia. Akikasirika alikutukana kwanza kwa lugha yake, akimaliza anakutafsiria kwa Kiswahili ili usikose kitu.

Na mimi usinitafutie mpangilio hapa. Nilifika darasa la pili, pamba ikawa nyingi shambani, nikarudishwa nyumbani. Nasimulia kama mtu anavyochambua maharage, ninaanza na lile lililo karibu na kidole.

Kaptula yake ya kaki ilikuwa imepigwa pasi ya mkaa mpaka mkunjo wake ungeweza kukata muwa. Soksi ndefu, viatu vyeusi, na mwendo wa askari, maana alikuwa amebeba majeruhi huko Burma wakati wa vita na miguu yake haikupata habari kwamba vita vimekwisha. Alihubiri usafi wa mikono na huku anatafuna kucha. Alikataza pombe, lakini akikuta wazee wamezunguka chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi, aliomba mrija, eti apime kama maji yamechemka sawasawa. Alipima sana. Mtu aliyeshona jeraha la panga la kichwani bila kupepesa jicho, siku moja wembe ulimkata yeye mwenyewe kidole, akaanguka chini kama gunia. Tulimmwagia maji. Alipoamka akasema, "Nilikuwa nachunguza sakafu."

Salamu yake ndiyo iliyowakera watu. Unamwambia, "Habari ya asubuhi, Dresa," yeye hajibu, anakushika shavu, anavuta ngozi ya chini ya jicho na kuchungulia ndani. Kukiwa na wekundu anakuachia na kusema, "Haya, sasa habari ni nzuri." Kukiwa na weupe anapiga mluzi. "Mdomo unadanganya," alikuwa akisema, "jicho halijafundishwa."

Jicho la mke wangu alilipigia mluzi mrefu.

Hapa lazima niseme ukweli. Mke wangu alikuwa ameshapoteza mimba moja, na ile ya pili ilipoingia alikuwa amepauka kama jani lililofunikwa na jiwe. Akipanda kutoka kisimani anakaa njiani mara kadhaa, moyo unapiga kama ngoma ya harusi. Na alikuwa anakula udongo wa kichuguu. Anaumega kidogo kidogo, anauficha kwenye pindo la nguo. Mama yangu alisema ni utamu wa mimba. Dresa alisema, "Huyu hana damu. Akizaa namna hii, damu kidogo atakayoipoteza ndiyo itakayomchukua." Dawa ya damu ilikuwa inatoka Tororo kwa nadra, na ikifika ina wenyewe wengi. Akaniambia, "Nitampikia."

Ndiyo, mwanaume akapika. Nyuma ya zahanati alikuwa ameotesha mchicha mwekundu, ule ambao sisi tunauita dodo, ule wenye shina kama limechovywa kwenye wino. Watu wengine wanaung'oa kwenye pamba wanautupa. Yeye aliumwagilia, akaupika kwenye sufuria kubwa, na mchuzi wake ulitoka mwekundu hasa, mwekundu wa kutisha. Wanawake wenye mimba aliwapa bakuli kila walipokuja kupimwa.

Kinyozi wetu, mtu wa mdomo mrefu kuliko wembe wake, alimwambia mbele ya chungu cha malwa, "Wewe Dresa, mwanaume gani anakorogea wanawake mboga?"

"Mwanaume aliyeshiba," Dresa akamjibu. "Wewe unasubiri nani akukorogee?"

Tukacheka. Lakini kicheko kile hakikukaa. Siku zile kulikuwa na habari za wazimamoto kila mahali, Busia, Tororo, mpaka ng'ambo Kenya. Watu walisema kuna watu wanakamata wenzao njiani na kuwanyonya damu, damu inatiwa kwenye chupa, inapelekwa kwa Wazungu kuwa dawa. Mimi sikuwahi kumwona aliyenyonywa, lakini kila mtu alikuwa na shemeji aliyemwona. Sasa mchuuzi mmoja wa samaki akapita zahanati, mlango uko wazi, akaona sufuria, akaona sindano, akaona chupa. Kabla samaki wake hawajaisha, soko lote lilikuwa limejua kwamba Dresa anapikia watu damu ya watu.

Zahanati ikawa tupu. Wenye vidonda walijifunga majani. Na mke wangu akafunga mdomo.

"Siwezi kunywa mtu," akaniambia.

"Ni mboga. Nimeiona ikichumwa."

"Uliona ikichumwa. Uliona ikiiva?"

Mama yangu akaingilia kati. "Mwanangu, ukimnywesha mkwe wangu kitu kile, huyo mtoto atazaliwa akidaiwa na maiti."

Nilikwenda kumwambia Dresa. Nilidhani atatukana kwa lugha zote mbili. Hakutukana. Alivua shati, akabaki na singlendi, akaniambia, "Leo ni siku ya soko. Twende."

Alifika katikati ya soko la Lumino, akapaza sauti. "Sufuria yangu mnaiogopa? Nipeni yenu! Maji yangu mnayaogopa? Tekeni yenu! Kuni leteni, moto washeni, mboga ng'oeni wenyewe huko kwenye pamba, na mizizi yake. Shati nimevua, msije mkasema nimeficha chupa. Mimi nitakaa hapa, mikono kichwani."

Na kweli akakaa, mikono kichwani kama mfungwa. Sufuria ilitolewa na nani? Na mama yangu. Alitaka kumkamata. Alisimamia upishi ule kama hakimu, akachungulia kila jani. Maji yalipochemka, yakaanza kuwa mekundu, soko lote likasogea karibu. Mekundu, mekundu zaidi, na Dresa yuko mbali na mikono kichwani. Mama akachota, akapuliza, akaonja.

"Ni mboga," akasema, kwa masikitiko, kama mtu aliyeshindwa kesi. Halafu akaongeza, "Haina chumvi."

Soko lilipasuka kwa kelele. Mimi nilijivuna siku ile kuliko siku niliyonunua baiskeli. Dresa wetu yule! Na hapo ndipo, katika ile furaha, Dresa alipopanda juu ya kiti na kusema neno ambalo baadaye lilimla. Alisema, "Mmeona wekundu huu? Huu ndio damu yenyewe. Damu bila mtu! Kunyweni!"

Watu wetu ukiwaambia kitu mara moja wanakataa, lakini wakishakubali wanapita na wewe mwenyewe. Lumino nzima ikaanza kunywa wekundu. Wakauchemsha dodo mpaka ukabaki mweupe kama kitambaa kilichofuliwa, maji wakayachuja, wakayanywa kwa heshima, na majani wakawatupia kuku. Kwa nini ule makapi, damu imeshatoka? Hata nyumbani kwangu ilikuwa hivyo. Mke wangu alikunywa kikombe chake kila siku, mama akiwa amesimama pale kumhimiza, na kuku wa mama wakanenepa, mbawa zinang'aa.

Kinyozi naye, kwa kuwa hapendi kupitwa, alikunywa bakuli zake kadhaa jioni. Asubuhi tulimwona anakimbia kuelekea zahanati ameshika suruali. Kwetu karibu na ziwa mkojo mwekundu si jambo la mchezo, kichocho kinajulikana. Dresa akamchunguza, akamcheka mpaka machozi. "Ni rangi tu, bwana. Imekusalimu, imeaga, imekwenda zake."

Mimi nilikuwapo. Niliona kicheko kikikatika katikati, akabaki anaangalia ukuta. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Hakuna. Nenda kalime."

Wiki zilipita. Halafu mke wa fundi baiskeli akajifungua. Alikuwa jirani yetu, mwanamke mcheshi, alikuwa akimtania Dresa kwamba ataolewa naye ili amfulie soksi. Alikunywa wekundu kuliko mwanamke yeyote wa Lumino. Alikunywa kwa imani. Mtoto alitoka mzima, lakini yeye alivuja damu, haikuwa nyingi, wakunga walisema wameona nyingi kuliko ile na mtu akapona. Yeye hakuwa na ya akiba. Alizimika kabla machela haijapatikana ya kumpeleka barabarani.

Dresa alifunga mlango. Sisi tulidhani anaomboleza. Alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu, akavuta jicho la mke wangu, lilikuwa jeupe vilevile. Akageuka, akawaangalia kuku wa mama wakidonoa majani. Aliwaangalia muda mrefu.

"Kuku hawa," akaniambia, "wana damu kuliko mkeo."

Jumapili kanisani, wakati wa matangazo, akaomba nafasi. Katekista alidhani anataka kutangaza chanjo. Akasimama mbele, kaptula imenyooka, na sauti yake ya kijeshi haikuwepo.

"Nilisema wekundu ni damu," alisema. "Nilikosea. Wekundu ni rangi. Rangi inaingia kwa mdomo, inatoka kwa mkojo, na kinyozi ni shahidi. Tangu siku ile ya kinyozi niliona shaka. Nikajiuliza, kama inatoka, kinabaki nini? Lakini soko lote lilikuwa limenishangilia, na mimi nilipenda kushangiliwa. Nikanyamaza. Chakula cha damu kiko kwenye jani, na jani mnawapa kuku, na mimi ndiye niliyewafundisha."

Fundi baiskeli alikuwa benchi la katikati, mtoto mchanga yuko kwa bibi yake. Akasimama. Tulijua kuna panga katika kila nyumba. Fundi akasema, "Dresa, mimi nimekusikia. Sema tena. Wa nyuma hawakusikia."

Akasema tena. Neno kwa neno, kwa sauti ya juu zaidi, na jasho linamtoka.

Mimi nimewaona machifu, nimewaona Mabwana Shauri na kofia zao, nimemwona askofu. Sijaona mtu mkubwa kuliko wawili wale asubuhi ile, aliyesema na aliyemwambia aseme tena. Watu wakiniuliza Lumino ilikuwa na nini cha kujivunia, hatukuwa na treni wala kiwanda kama Tororo, mimi nawaambia tulikuwa na hiyo.

Sasa nidokeze kidogo ya leo. Mjukuu wangu mmoja amesomea mambo ya vyakula. Ananiambia ile rangi ya dodo ina jina, jina refu, mimi nalisahau kabla hajamaliza kulitamka. Anasema si bure kabisa. Mwilini inasaidia kuzuia kitu kama kutu, maana hata mtu anashika kutu ndani. Ila kutengeneza damu, hapana. Kazi ya damu inafanywa na vitu vingine vilivyo ndani ya jani lenyewe, na jani la kijani linavyo vilevile. Usichemshe mno, usimwage mchuzi, kula vyote, na ukamulie ndimu. Nikamwambia, mjukuu wangu, kanisani kwetu tulishaambiwa, ila hatukuambiwa jina.

Turudi. Dresa hakuishia kwenye majani. Pale pale mbele ya altare aliendelea: "Kuleni majani na maharage. Kuleni dagaa. Na hawa wanawake wenye mimba wapeni mayai, wapeni kuku."

Hapo ndipo vurugu halisi ilipoanza, maana kwetu siku zile mwanamke hakula kuku wala yai. Kuku ni wa mwanaume na wa mgeni. Wazee walimsamehe yule mtu kifo, wakashindwa kumsamehe yai.

Mama yangu alinisubiri nyumbani. "Umemsikia mtu wako? Mwanamke akila yai anazaa mtoto mwenye upara!"

"Mama, afadhali upara."

"Nini?"

"Afadhali mtoto mwenye upara kuliko mtoto mwenye nywele anayelelewa na bibi."

Alikuwa ametoka kumwosha mke wa fundi kwa mikono yake mwenyewe kabla ya maziko. Aliingia jikoni, nikasikia vyombo vikigongana kwa hasira. Akatoka na sahani: dodo, majani yote na mchuzi wake, na juu yake yai. Akaiweka mbele ya mkwe wake na kugeuza uso.

"Kula," akasema. "Mimi sijaona kitu."

Mke wangu aliniangalia mimi, akamwangalia mama, akala. Tangu hapo alikula hivyo, na dagaa siku za soko, na mama akaendelea kutoona kitu kwa bidii. Ule udongo wa kichuguu aliuacha bila mtu kumkataza. Dresa alikuja kila jioni kumvuta jicho, na siku moja hakupiga mluzi.

Uchungu ulimshika asubuhi ya palizi. Alivuja damu, nayo haikuwa kidogo. Dresa alikuwa ndani na wakunga, namsikia akiamrisha kwa lugha ya kwao na hakuna anayeelewa. Nje mimi na mama tumekaa, hatutazamani. Kisha mtoto akalia. Nikasubiri. Kilio cha mtoto nilikuwa nimeshakisikia nyumbani kwa fundi na hakikunitosha. Dresa akatoka, mikono imelowa, akasema, "Mkeo anaomba uji. Anasema uwe mwingi."

Mtoto alikuwa na nywele mpaka shingoni. Mama alimzungusha Lumino nzima akiwaonyesha watu, akidai kwamba yai lazima lipikwe na mtu anayejua.

Baadaye Dresa alihamishwa, wanavyohamishwa watu wa serikali, akastaafu, akarudi kwao. Miaka ikakatika. Ilikuwa karibu na Mzungu kuondoka, watu wanazungumza habari za bendera, ndipo mke wangu aliposema anataka kumwona. Tulipanda basi mpaka Tororo, tukatembea hadi Kisoko na kuku mmoja mkononi.

Tulimkuta kwenye mkeka mbele ya nyumba. Kaptula ya kaki ilikuwapo, mkunjo haukuwapo. Mimi alinitambua kwa sauti. "Wewe mtu wa pamba! Bado hujui kuandika?"

"Bado, Dresa."

"Vizuri. Utaishi sana."

Nikamwambia huyu ndiye mke wangu, yule wa udongo, yule uliyempikia. Alimtazama kwa adabu, akatikisa kichwa. Hakumkumbuka. Mwanamke aliyemvuta jicho jioni zote zile, hakumkumbuka hata kidogo. Nilishikwa na uchungu, lakini mke wangu alikuwa ameshaketi kwenye mkeka karibu naye.

"Waliopona ni wengi," Dresa akasema, kama anaomba radhi. "Sura zao zinachanganyika. Mimi namkumbuka yule wa fundi tu. Namkumbuka na kikombe chake. Alikuwa ananiambia, 'Dresa, leo nimekunywa mara mbili.' Ananiambia akicheka, na mimi tayari ninajua." Akanyoosha kaptula yake kwa kiganja. "Huko mbele ya Mungu nitaulizwa habari zake. Sina la kujibu."

Mke wangu hakumfariji. Alimvuta mkono akauweka juu ya magoti yake, kama anavyofanya mtu na kaka yake.

"Usijibu kitu," akamwambia. "Ni kweli alikufa, na ni kweli ulijua. Lakini ukiulizwa, uniite niwe shahidi. Nitakuja na watoto."

Dresa alimwangalia.

"Watakuwa wengi?" akauliza.

"Kwetu watoto hatuwahesabu," mke wangu akasema. "Wewe niite tu. Mlango wautanue."